Kumuunda Shujaa Mtakatifu kwa Pointi 27

Mtaji ni pointi 27, na wanaoudai ni sita: nguvu za mwili, wepesi, ukakamavu, akili, hekima na haiba. Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la mwaka 2014, anayeunda mhusika anaweza kugawa pointi hizo kwa mkono wake mwenyewe. Kila uwezo unaanzia 8, na kwa mtaji huo hauwezi kupita 15. Kutoka 8 hadi 13 kila hatua ni pointi moja. Baada ya hapo bei inapanda: 14 inachukua pointi 7, na 15 inachukua 9. Mwenye tamaa ya 15 mara tatu anaweza kuzipata, ila akishazipata mfuko umekauka, na uwezo wote uliobaki unakaa palepale kwenye 8.

Wahusika wengi hawateswi na hesabu hii. Mchawi anataka akili. Mwizi anataka wepesi. Mpiganaji wa kawaida anataka nguvu na kifua cha kustahimili. Lakini paladini, yule askari mtakatifu anayepigana kwa kiapo, anadai pande tatu kwa mpigo. Bila nguvu, upanga wake hauumi. Bila ukakamavu anaanguka mapema, naye kazi yake ni kusimama mbele ya wenzake. Bila haiba, dua zake hazina uzito. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wakitaka kujua kama mtu anaijua kazi, humwambia awaonyeshe paladini wake. Humo kwenye zile namba sita kuna mahali alipojinyima, na ukisoma alipojinyima umemsoma yeye.

Ufundi huu nimeutazama kwa karibu Bafwasende, nchini Kongo, zaidi ya kilomita 250 kutoka Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4, kando ya mto Lindi. Binti wa dada yangu na wadogo zake wanacheza jioni wakishamaliza kula. Kanuni wanazisoma kwenye simu, kwa Kifaransa, kwa sababu mwaka 2023 kanuni za msingi ziliachiwa kwa leseni huria na mtu yeyote anaweza kuzichukua bila kulipa. Dadu za pande ishirini hazipatikani sokoni kwetu. Walichofanya ni kukata vikaratasi 20, wakaviandika namba, wakavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo la pili lina vikaratasi 8, la tatu 10. Mtu anatikisa, anachota bila kutazama, anasoma, anarudisha. Uwezekano ni uleule wa dadu, na kishindo cha kopo kabla ya kuchota kinawafanya wote wanyamaze.

Alipoamua kuwa paladini, binti huyu alianza kwa kuandika 15 tatu, kama wanavyoanza wengi: nguvu, ukakamavu, haiba. Akaitazama karatasi muda mrefu. Mhusika wake ni binadamu, na kwa kanuni za toleo lile binadamu wa kawaida huongezewa 1 katika kila uwezo. Kwa hiyo 15 zake zingekuwa 16, na 8 zake zingekuwa 9. Sasa, mchezo huu hauitumii namba yenyewe unapotikisa kopo. Unatumia nyongeza inayotokana nayo, na nyongeza hupanda kila baada ya hatua mbili. Namba 10 na 11 hazikupi kitu. 12 na 13 zinakupa 1, 14 na 15 zinakupa 2, 16 inakupa 3. Chini ya 10 unakatwa: 8 na 9 zote zinakupunguzia 1. Paladini wake wa kwanza, basi, angekuwa na nyongeza ya 3 mahali patatu, na upungufu wa 1 mahali patatu.

Akafuta ukakamavu. Kutoka 15 akaushusha hadi 13, na hapo akarudishiwa pointi 4. Mbili akazitia kwenye wepesi ukafika 10, mbili kwenye hekima nayo ikafika 10. Akili akaiacha kwenye 8. Ukijumlisha, 9 za nguvu, 2 za wepesi, 5 za ukakamavu, 2 za hekima na 9 za haiba, unapata 27 bila kusaza. Baada ya nyongeza ya ubinadamu namba zikasomeka 16, 11, 14, 9, 11, 16. Amepoteza nyongeza moja tu ya ukakamavu, yaani pointi moja ya uhai kwa kila daraja, na kwa hiyo moja ameziba matundu mawili. Wepesi hauhitaji zaidi ya hapo, maana paladini huvaa deraya zito la chuma ambalo halijali kama mvaaji ni mwepesi au mzito. Linachotaka ni nguvu zisizopungua 13 au 15, kulingana na aina yake. Hekima nayo ndiyo ngome dhidi ya hofu na ulaghai wa wachawi, na askari wa mstari wa mbele akipumbazwa, upanga wake unageukia wenzake.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, na nakiri nilipendezwa kuliko ninavyopendezwa na mambo mengi makubwa zaidi. Hakuna aliyemfundisha kushuka pale. Aliona mwenyewe kwamba 15 na 13 ni namba witiri zinazosubiri kusukumwa kidogo tu, na kwamba pointi 4 alizokuwa amezirundika kwenye hatua mbili za juu zingefanya kazi kubwa zaidi huku chini.

Kwa nini haiba? Swali hili lina historia. Mchezo ulichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nchini Marekani, na mwanzoni haukuwa na paladini. Aliingia mwaka 1975, katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk, akiwa na damu ya hadithi za mashujaa wa mfalme Charlemagne na ya riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions. Sharti la kuwa paladini lilikuwa haiba isiyopungua 17. Wakati huo namba hazikuwa za kugawa; zilikuwa za kurusha dadu tatu na kupokea kilichoanguka. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na katika hizo ni nne tu zinazofika 17 au 18. Kati ya watu 54, mmoja ndiye angeruhusiwa hata kulitaja jina hilo. Utakatifu ulikuwa bahati ya kuzaliwa.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikamfunga zaidi. Paladini hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya vitu 10 vya kiuchawi: deraya moja, ngao moja, silaha nne, na vinginevyo vinne. Mali iliyozidi mahitaji yake ya kawaida aliitoa, na fungu la kumi lilitolewa kabla ya yote. Akitenda uovu kwa kujua, anapoteza upaladini wake milele na kubaki mpiganaji wa kawaida. Wachezaji wa enzi hizo waligombana sana juu ya kanuni hiyo, na bado wapo wanaoichukia. Mimi naiona kuwa ndiyo mbegu ya yote mazuri yaliyofuata. Waliomtunga walielewa kwamba askari aliyepewa nguvu za mbinguni bila kamba shingoni ni jambazi mwenye mng'ao.

Katika toleo la 2014 kamba imebaki, ila imefumwa kwa ustadi zaidi, ndani ya uwezo wenyewe. Kuanzia daraja la 2 paladini hupata nafasi mbili za dua, na hazirudi mpaka apumzike usiku kucha. Nafasi hiyohiyo moja inaweza kutumika kwa namna mbili. Akimpiga adui na pigo likapata, anaweza kuitoa papo hapo, na upanga unaongezewa nuru takatifu: vikaratasi viwili kutoka kopo la vikaratasi 8, wastani wa 9 za madhara. Au anaweza kuitoa kwa kumgusa aliyejeruhiwa: kikaratasi kimoja cha kopo hilohilo pamoja na nyongeza ya haiba, kwa binti yetu ni wastani wa 7 na nusu za uhai. Angalia namba zilivyopangwa. Kupiga kunalipa zaidi kidogo kuliko kuponya, basi kila mara kishawishi ni cha upanga. Na kanuni inamruhusu aamue baada ya kuona pigo limepata, wakati damu imechemka. Katika kanuni hii mtunzi hakumwamuru paladini awe na huruma. Ameweka huruma na hasira zinywe kwenye kisima kimoja, akaondoka, akamwacha mchezaji ajionyeshe.

Nje ya nafasi hizo ana kuwekea mikono, hazina ya pointi 5 za uhai kwa kila daraja, na hiyo hakuna namna ya kuigeuza silaha. Pointi 5 za hazina zinaweza pia kutumika kumwondolea mtu ugonjwa mmoja au sumu. Katika daraja la 3 yeye mwenyewe hashikwi na ugonjwa tena. Msomaji wa mji mwingine anaweza kulipita hilo haraka. Kwetu, ambako surua na malaria ni majina ya nyumbani, wale watoto waliposoma kwamba paladini anaweza kuingia kijiji cha wagonjwa na kutoka mzima, walitaka safari yao ya kwanza iwe huko, wala si kwenye pango la joka.

Sasa nije kwa fundi ninayemweka juu ya hawa wote, naye hakuwahi kuchora karatasi ya mhusika. Kusini-mashariki mwetu, ng'ambo ya msitu wa Maiko, upande wa Walikale, wanaishi Wanyanga. Mwaka 1956, mtambaji wao Shekarisi Candi Rureke, wa kijiji cha Bese, aliimba na kusimulia kisa cha Mwindo kwa siku 12, akicheza na kuigiza huku vijana wakimpigia mdundo, na Daniel Biebuyck akiandika. Biebuyck na Kahombo Mateene walikichapisha kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Nimekisoma kama msomaji tu wa Kiswahili anayepitia tafsiri, na kila nikikirudia namwona Rureke akigawa pointi.

Mwindo anazaliwa akicheka, akizungumza, akitembea. Anatoka kwa kidole cha kati cha mama yake, mke mpendwa wa Shemwindo, mtemi wa Tubondo aliyekuwa ameamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mkono wa kulia ameshika usinga uitwao conga, wa kushoto shoka, na begani ana kifuko cha Kahombo, roho ya bahati njema, chenye kamba ndefu ndani. Hebu tazama alichonyimwa. Ni mdogo, na msimulizi hasahau kumwita mdogo. Mwili wake hauna uzito wa kumtisha mtu. Nguvu zote Rureke amezitia kwenye usinga, kitu ambacho katika nchi zetu wazee hukishika wakati wa kusema. Shujaa anayepigana kwa chombo cha msemaji! Na kweli Mwindo anapigana kwa maneno kwanza. Anatamka litakalotokea, conga inafuata.

Hapo ndipo Rureke na watunzi wa paladini wanakutana bila kujuana. Wote wamekataa kuweka utakatifu wa askari kwenye msuli. Wameuweka mahali pa kinywa na uso, kwenye ile nguvu inayomfanya mtu aamriwe na akubali.

Kamba ile ndogo nayo ni kazi ya bingwa. Mwindo anaposhuka kuzimu kumfuata baba yake aliyemtupa mtoni ndani ya ngoma, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha moja. Kamba ikitulia, shangazi ajue amekufa. Kwa pambo hilo moja msimulizi amemnyima shujaa wake upweke. Hata akiwa chini kwa Muisa, mmoja wa wakuu wa kuzimu, akipigwa kwa mkanda hadi anaanguka na conga inamwinua, huku juu kuna mwanamke ameshika kamba na msikilizaji amekaa naye. Kuhusu deraya, Mwindo hakuzaliwa nalo. Wajomba zake, popo waitwao Baniyana, ambao ni wahunzi, ndio wanaomfua na kumvika chuma mwili mzima. Uwezo mmoja amezaliwa nao, mwingine amepewa na ukoo wa mama, mwingine uko mkononi mwa shangazi. Hakuna hata mmoja aliojitengenezea peke yake.

Na mahali pa kumjaribu, Rureke anachagua vizuri ajabu. Huko kuzimu Kahindo, binti wa Muisa, ana vidonda vya buba. Shujaa anamwosha na kumponya. Muisa anamwamuru alime shamba la migomba na kuvuna kwa siku moja. Sheburungu, mkuu mwingine wa huko, anacheza naye kamari, na Mwindo anapoteza karibu kila kitu, mpaka anaweka conga yenyewe, ndipo anazirudisha mali zote. Anapompata baba yake hamuui. Anarudi naye, anawafufua watu wa Tubondo aliokuwa amewaangamiza, na wanakaa watatu kwenye viti vya enzi: baba, mwana na shangazi.

Kisa kingeweza kuishia pale na kikapendwa. Rureke hakuridhika. Mwindo bado ana majivuno, na uwezo wake hauna miiko. Basi anamletea joka Kirimu, mwenye vichwa saba, anayewameza Wambuti wa Mwindo; Mwindo analiua, kama shujaa yeyote angefanya. Kumbe Kirimu ni rafiki wa damu wa Nkuba, radi, yuleyule aliyemsaidia Mwindo kuiteketeza Tubondo. Nkuba anamnyakua na kumpeleka mbinguni mwaka mzima, kwenye baridi na upepo na jua, bila nyumba. Anakatazwa asiue tena mnyama yeyote. Akirudi, anawapa watu wake sheria: wapande vyakula vya aina nyingi, wakae kwenye nyumba nzuri, wasigombane, wasimfuate mke wa mtu, wasimcheke mlemavu. Shujaa alianza na usinga na shoka. Anamaliza na miiko. Sijui kisa kingine ambacho kanuni za kumfunga shujaa zinaingia kwa uchungu kiasi hiki, na kwa kosa ambalo msikilizaji mwenyewe alikuwa analishangilia.

Watu wa pwani wana Fumo Liyongo, ambaye mtunzi wa Lamu Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913, na udhaifu wake uko mahali pamoja: kitovuni, kwa sindano ya shaba. Ni udhaifu wenye nguvu kwa sababu anayeujua ni mwanawe. Lakini umefichwa mwilini. Wa Mwindo umewekwa tabiani, na huo ndio mgumu kuutunga.

Bafwasende ina sababu yake ya kulijali jambo hili la jinsi mpiganaji anavyotungwa. Mwaka ule ule wa 1913 mchongaji wa Kibelgiji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu wa chui, mwenye ngozi ya madoa na kucha za chuma, akimnyemelea aliyelala. Ni mmoja wa anioto, watu wa chui waliohusishwa hasa na Wabali wa eneo letu. Sanamu ilikaa miaka mingi mbele ya macho ya watoto wa Ubelgiji katika makumbusho ya Tervuren. Hergé akamchukua mtu wa chui kwa ajili ya Tintin huko Kongo. Na makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2018 sanamu ilikutwa imeshushwa kwenye chumba cha sanamu zilizoondolewa. Kwa zaidi ya karne, basi, mpiganaji wa Bafwasende alipoingia kwenye hadithi za kubuni za dunia aliingia kama zimwi. Mambela, jando la Wabali, pamoja na chale na mafundisho yake, hayakupewa sanamu. Najua binti wa dada yangu hakuwa akimjibu Wissaert alipokuwa anafuta ile 15. Alikuwa anatafuta pointi 4. Hata hivyo nafurahi kwamba anayeamua sasa mpiganaji wa Bafwasende awe na nini na akose nini ni yeye.

Kiapo ndicho kilichowachukua muda. Kanuni huria zina kiapo kimoja, cha kujitolea, chenye nguzo tano: ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu. Mdogo wake aliuliza kama ni kama dawa ya Simba. Swali la haki. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliichukua Kisangani tarehe 5 Agosti, na eneo letu lote likapita mikononi mwao. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zigeuke maji, na dawa ilikuwa na masharti: usitazame nyuma, usimguse mwanamke, usiibe. Aliyeanguka ilisemwa amevunja mwiko. Bado wapo wazee waliokuwa watoto mwaka ule, na hakuna anayesimulia yaliyofuata kwa kucheka, kwa sababu watu wengi wasio na hatia waliuawa na pande zote. Nikamjibu nilivyoelewa, kwamba miiko ile ililinda ngozi ya mpiganaji. Ilimwambia asifanye nini ili asife yeye. Kiapo cha paladini kinamwuliza anamlinda nani. Dada yake akaongeza, akiwa hajainua macho kwenye karatasi, kwamba sheria za Mwindo baada ya mbinguni, nyingi zinawakinga watu wake, si Mwindo mwenyewe. Alikuwa sahihi, na sikuwa nimeliona hilo kabla hajalisema.

Mafundi wa kweli hujulikana kwenye uchaguzi mdogo, ule ambao hakuna atakayeusifu. Katika daraja la 2 paladini anachagua mtindo wa kupigana. Upo wa silaha kubwa ya mikono miwili, ambao vijana wengi huukimbilia kwa kuwa madhara ni makubwa. Upo wa upanga mmoja, unaoongeza 2 kwa kila pigo. Upo wa kujikinga, unaoimarisha deraya. Na upo wa kumkinga mwenzako: adui akimshambulia mtu aliye umbali wa mita moja na nusu kutoka kwako, unaingiza ngao, na adui anachota vikaratasi viwili badala ya kimoja, akilazimika kutumia kilicho kidogo. Mtindo huo haukuongezei madhara, wala haukulindi wewe. Hata nyongeza ya kuandika kwenye karatasi haipo. Binti huyu aliuchagua akiwa na ndugu wawili mezani, mmoja mwizi asiyevaa chuma, mmoja mchawi mwenye uhai mdogo, na tangu siku hiyo wale wawili wamejifunza kusimama karibu naye. Umbo la kundi zima limebadilika kwa mstari mmoja wa kanuni. Niliwahi kuona wachezaji wazoefu wa Kisangani wakimaliza mapambano mengi bila kuwahi kuunda safu. Hawa watoto wana safu, na wameipata kutokana na ngao ya dada yao.

Sasa wako daraja la 4, na daraja hilo linaleta zawadi ya pointi mbili za kuongeza popote. Hapa kuna njia nne, na zote ni nzuri, ndiyo sababu nilikivuta kiti karibu. Nguvu kutoka 16 hadi 18: upanga utapata zaidi na kuumiza zaidi, kila zamu, usiku kucha. Ukakamavu kutoka 14 hadi 16: anarudishiwa kile alichokitoa mwanzoni. Wepesi na hekima, moja kila mmoja: zile 11 mbili zilizokuwa zimelala zinakuwa 12, na nyongeza mbili zinazaliwa kwa mpigo. Au haiba, 16 hadi 18.

Mdogo wake mwizi alikuwa upande wa nguvu. Mimi, kama ningeulizwa, ningesema zile 11 mbili, kwa kupenda unadhifu. Aliniuliza kweli. Nikamwambia.

"Hapana, mjomba," akasema. "Nguvu nitakula peke yangu. Haiba tutakula wote."

Alikuwa ameshasoma mbele. Katika daraja la 6 paladini hupata duara la ulinzi: yeyote wa upande wake aliye ndani ya mita tatu huongeza nyongeza ya haiba ya paladini kila anapotikisa kopo kujinusuru, iwe ni na moto, na sumu, na hofu au na ulaghai. Sharti ni moja, paladini awe na fahamu. Akizimia, duara linazimika. Kwa hiyo alitaka haiba ipande sasa, na ukakamavu usubiri daraja la 8, litakaloleta pointi mbili nyingine, kwa sababu kuanzia daraja la 6 uhai wake utakuwa ndio paa la wengine. Akaandika 18. Mchawi wao ana ukakamavu wa 10 usio na nyongeza yoyote. Akivuta pumzi ya sumu ya joka anategemea kikaratasi alichochota tu. Wakifika daraja la 6, akisimama ndani ya mita tatu, atachota kikaratasi na kuongeza 4.